Ndege Iliyomleta Bibi Ruhuwiko

Jumapili ya pili ya Kwaresima, saa nne na nusu asubuhi, Bibi yangu Otilia aliteleza kwenye sakafu ya jiko la nje, na mwaka wangu wa kidato cha nne ukaanza hapo, si Januari kama shule inavyohesabu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimekaa barazani nachambua maharage. Yeye alikuwa ametoka misa ya kwanza, bado amevaa kitenge cha kanisani, ila miguuni kandambili. Nilisikia sufuria kabla sijamsikia yeye. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Beata, njoo uniondolee hii sufuria, inanimwagikia," kana kwamba shida yote ilikuwa sufuria. Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali ya hapa Songea mjini ilifanya ilivyoweza, kisha mwanawe wa mwisho, Baba Mdogo Gaspar, ambaye hununua na kuuza vito kule Tunduru, akamsafirisha hadi Dar es Salaam kwa gari la wagonjwa. Safari ile ilimtesa kuliko kuanguka kwenyewe. Alipofika alinipigia simu akasema barabara ina matuta kama tasbihi, kila punje lazima uipitie, na kwamba yeye barabara ile amekwisha kuimaliza, haipandi tena.

Tulimzika mwezi uliopita. Jioni ya maziko nilikuwa nyuma ya nyumba nasuuza sahani, na wanawake wa jumuiya yetu walikuwa wanasugua masufuria huku wamenipa mgongo. Mmoja akaanza kucheka peke yake, akajizuia kwa kiwiko, halafu mwingine naye akashindwa, na nikajua bila kuambiwa kwamba wameikumbuka siku ya ndege. Nikacheka nao, macho yamevimba. Usiku huo sikulala, na tangu hapo situlii. Ndiyo maana naandika.

Nyumba bila Bibi ilikuwa kubwa kwa namna isiyopendeza. Shangazi Kornelia, bintiye wa kwanza, alihamia kukaa na mimi ili nisishinde peke yangu mwaka wa mtihani, akaja na cherehani yake, na sebule ikajaa vipande vya vitambaa vya watu wa mtaa wake wa Bombambili waliokuwa wakimfuata mpaka huku na vipimo vyao. Chumba cha Bibi tulikifunga. Mimi nilikuwa nakifungua mara moja kwa juma nifute vumbi, na kila mara harufu ya sabuni ya kipande na dawa ya kuchua ilinipokea mlangoni, nikasimama kwanza kabla ya kuingia, kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Tulikula ugali na likolo, yaani mboga zetu za majani, ugali na dagaa wa Nyasa, ugali na maharage, halafu tunaanza upya. Shangazi alikuwa anakula haraka huku anaongea. Mimi nilikula polepole na sikuongea. Sijui kuongea mbele ya watu. Shuleni mwalimu akiuliza swali ninalolijua, jibu linapanda hadi kooni, linageuka na kurudi chini. Usiku ndipo naliandika katika shajara yangu, jibu zuri kabisa, na aibu ya kutwa nzima pembeni yake. Hata kwenye simu nilikuwa hivyo. Bibi alikuwa anaongea, mimi natikisa kichwa, mpaka anasema, "Unatikisa kichwa tena? Mimi sikuoni, mjukuu wangu. Toa hata kikohozi."

Kwa watu wengine nilikuwa natoa kikohozi. Kwa Bibi, alipokuwa nyumbani, nilikuwa naongea. Yeye peke yake. Ndiyo maana mwaka ule ulinikaa vibaya, kama kiatu kilichopishana namba. Nilisoma huku nasikiliza lango. Nilichota maji huku nasikiliza simu. Uwanja wa ndege uko jirani na sisi, na ndege ya abiria ikipita juu ya bati nilikuwa natoka nje kila mara, ingawa nilijua hayumo.

Mtihani tulimaliza Novemba. Wenzangu walirushiana maji na kuimba. Mimi nilirudi nyumbani nikamkuta Baba Mdogo amekaa barazani, viatu vina vumbi la Tunduru, na Shangazi amesimama mbele yake na futi ya kupimia shingoni. Nilisalimia, nikapita ndani, nikasimama nyuma ya pazia. Ndivyo nilivyojua mambo mengi ya ukoo huu.

"Daktari amesemaje hasa, Gaspar? Usinizungushe."

"Nyonga imeunga vibaya. Lakini si nyonga tena, dada. Ni moyo. Amesema moyo wa mama ni kama yai. Asishtuliwe, asitikiswe."

"Na yeye mwenyewe?"

"Amegoma kula. Anasema nirudisheni ningali naijua njia. Anasema akifia Dar, atakuja kututembelea wote usiku, mmoja mmoja, na mimi ndiye wa kwanza."

Basi kuanzia siku ile kulikuwa na jambo moja tu katika nyumba yetu: Bibi afike kwake akiwa hai, alale katika kitanda chake. Barabara haikuwezekana. Ndege ya kawaida ilikuwa imejaa mpaka baada ya mwaka mpya, maana Desemba kila mtu wa huku aliyeko Dar anataka kula Krismasi kwao, na mgonjwa wa kulala huhitaji viti vya watu kadhaa. Baba Mdogo alipouliza, walimwambia ajaribu Januari. "Januari!" alisema Shangazi, akikata uzi kwa meno. "Wamwambie na huo moyo ujaribu Januari."

Ndipo alipoingia Dada Zuhura. Mimi sikuwahi kumwona. Alikuwa sauti ya Dar, laini, isiyo na haraka, kazi yake kuwatafutia watu ndege za kukodi. Baba Mdogo alikuwa anapenda kupiga simu na kufoka; Dada Zuhura alitaka mambo kwa maandishi ili asikosee. Kwa hiyo nikaitwa kutoka nyuma ya pazia. "Wewe si unaandika andika usiku kucha? Njoo uandike na mchana." Nikawa mwandishi wa ndege. Sijui kama nimewahi kufanya kazi iliyonifaa namna ile. Hakuna aliyenitazama. Nilikuwa nauliza chochote, na mtu ananijibu kwa heshima, ananiita "mpendwa."

Alianza na vile videge vya propela. Akasema vinafika Songea vizuri na bei ni nafuu, lakini vinaruka chini, vinapita ndani ya mawingu ya mvua, na mgonjwa atakaa tu, hatalala. "Sitaki panzi," alisema Baba Mdogo. "Mwambie nataka ndege ambayo mtu anasimama." Nikaandika kwa adabu zaidi. Akatuma picha za jeti kubwa: ndani kama sebule, viti vya ngozi rangi ya maziwa, meza ya mbao inayong'aa, na upande mmoja kochi refu ambalo hutandikwa likawa kitanda. Shangazi alivaa miwani akaishika simu mbali na uso. "Ngozi! Mama atateleza mpaka kwa rubani." Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na choo kipo?" Nikauliza. Kipo, na mlango wake ni mpana.

Usiku niliwasikia kupitia ukuta. Shangazi alisema ni ufahari, kwamba vijana wa Tunduru wakipata jiwe wanataka hata jua lijue. Baba Mdogo alisema, "Dada, nilipokuwa mtoto mama alinibeba mgongoni kutoka Namtumbo nikiwa na degedege. Alitembea. Hakuuliza kama ni ufahari." Kesho yake Baba Mdogo alikwenda kuuza jiwe la bluu alilokuwa amelificha kwa ajili ya nyumba yake. Watu mpaka leo hubishana kama lile jiwe lilitumika vizuri. Mimi nimesikia pande zote, na kwa kuwa huwa sijibu, kila upande unadhani niko nao.

Nilijifunza kwamba kukodi ndege si kama kukodi gari. Jeti za namna ile hazikai zikisubiri watu. Ile yetu ilikuwa nje ya nchi, ingekuja Dar tupu, ituletee Bibi, irudi tupu, na utupu wote huo unalipiwa. Marubani waliuliza urefu wa lami yetu na hali ya mawingu ya alasiri, wakasema lazima watue asubuhi. Siku ikapangwa. Ikaahirishwa, mteja mwingine ameichukua ndege. Ikapangwa tena, kibali kimechelewa. Kila mara Shangazi alikuwa anafua mashuka ya Bibi upya, akidai yameshika vumbi. Mimi sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilikuwa naamka usiku kutazama simu kama imeongea bila mimi.

Kisha Dada Zuhura akaandika: Jumamosi asubuhi, hakika. Akauliza abiria watakula nini. Baba Mdogo akasema, "Nyama, soda, chochote." Lakini aliuliza kuhusu mgonjwa, na hapo sikumuuliza mtu. Nikamwandikia mwenyewe kwamba Bibi hunywa uji wa ulezi, usiwe mzito, bila sukari, uwekwe limau kidogo, na kikombe kiwe na mkono mkubwa kwa sababu vidole vyake vimekaza. Akajibu, "Tumepokea, mpendwa. Uji wa ulezi." Sijui walipata wapi ulezi kwenye ndege ya ngozi. Kazi yao.

Alhamisi Baba Mdogo alipanda basi kwenda Dar ili arudi na mama yake. Kabla ya kuondoka alikuwa ameagiza sherehe ya kumpokea: turubai, viti, masufuria makubwa, na ng'ombe. Ijumaa jioni vijana wa turubai walilifunga uwanjani kwetu. Hawakuleta muziki, maana daktari alikataza kelele. Mama Skola, mwenyekiti wa jumuiya yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alipita akasimama langoni. Shangazi, mdomo umejaa pini, alimwambia Gaspar amekodi ndege, kesho asubuhi inatua, tutakuwa na watu wengi. Mama Skola alimshika mkono, akamwangalia kwa muda, akasema atawaambia wenzake, asijisumbue na lolote. Shangazi alimshukuru. Nilikuwa pale, na sikuona kitu. Lakini fikiri mwenyewe. Kwetu mtu mzima anarudi kwa basi, na mabegi, na kelele. Yule anayeletwa na ndege iliyokodiwa kwa ajili yake peke yake, tumezoea kwenda kumpokea na msalaba. Bibi mzee, mgonjwa tangu Kwaresima, turubai limefungwa, ng'ombe amefika, muziki hakuna. Hata mimi ningekuwa jirani ningetafuta kanga yangu ya msiba.

Jumamosi Shangazi aliondoka mapema na gari kwenda uwanja wa ndege, akaniacha nitandike kitanda na kuchemsha maji. Ujumbe wa Dada Zuhura ulikuwa umeingia: wamepanda, wanaruka sasa. Nilikuwa nimepiga magoti napenyeza neti chini ya godoro niliposikia lango. Nikatoka. Mama Skola alikuwa na ndoo ya unga kichwani, nyuma yake wanawake kama ishirini, kila mmoja na unga wake au kuni, kanga zimefungwa viunoni.

"Shikamoo, Mama Skola."

"Marahaba, mwanangu," akasema, na sauti ikamkatikia hapo hapo. Akatua ndoo, akaweka mikono kichwani, akalia. Wote wakalia.

Nitasema ukweli. Nilidhani wao wamepata habari ambayo sijaipata. Nilidhani amekufa hewani. Nikatazama simu, ujumbe ulikuwa ule ule, na simu ya Baba Mdogo, huko ndani ya ndege, ilikuwa imezimwa. Nikampigia Shangazi, ikaita mpaka ikachoka. Kumbe aliitumbukiza kwenye pochi chini ya mashuka ya akiba. Wanawake walikwisha kuingia sebuleni wanatoa makochi nje ili waliaji wapate pa kukaa chini. Wawili wakatoka na kitanda cha Bibi, neti inaburuta. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawajui lolote nisilolijua. Wamekuja tu kwa mazoea, na mapenzi.

Nikamshika Mama Skola mkono. "Mama, Bibi hajafa."

Akanikumbatia, uso wangu ukazama kifuani mwake. "Najua, mwanangu, najua."

"Ni mzima."

"Mbele za Mungu ni mzima." Kisha juu ya kichwa changu akamwambia mwenzake, "Ndivyo msiba unavyowaanza watu. Mpeni maji."

Nikamwonyesha simu. Akaisukuma taratibu. "Leo si siku ya simu." Nikajaribu kwa mwingine na mwingine, na sauti yangu unaijua ilivyo, katika kilio cha watu ishirini ilikuwa kama kuwasha kiberiti kwenye upepo. Kila niliyemwambia alinipapasa mgongo. Na saa inakwenda. Kutoka uwanja wa ndege hadi kwetu hata chai haipoi. Nilikuwa naona gari likiingia, Bibi anatazama dirishani, anaona kitanda chake uwanjani na majirani wanamlilia. Yai, alisema daktari.

Wanaume nao walikuwa wamefika, wamekaa pembeni ya uwanja. Walikwisha kuwasha gogo lao la moto wa msiba, na majembe na sururu yalikuwa yameegemea ukuta. Mzee Damiani, aliyekuwa rafiki wa marehemu Babu, akaja na kofia mkononi, akaniita. Nikamfuata hadi kwenye kaburi la Babu pembeni ya shamba. Walikuwa wamenyoosha kamba pembeni yake, vigingi vinne ardhini, nafasi ya mtu mmoja. Wanawake wakatufuata wakanyamaza. Kwetu kaburi halianzwi na mgeni. Jembe la kwanza ni la mwenye nyumba, hata akikwangua tu.

"Baba yako mdogo yuko hewani, shangazi yako yuko uwanja wa ndege," alisema Mzee Damiani. "Wa nyumba hii aliyepo ni wewe. Mvua inakuja. Piga moja tu, mama, vijana wataendelea."

Akanipa jembe. Lilikuwa zito, mpini una joto la mkono wake. Watu wote walikaa kimya kwa heshima ya pigo lile, ukimya ambao sijawahi kupewa darasani wala popote, na ndani yake nikasikia sauti inasema, "Sipigi." Ilikuwa yangu.

"Piga, mama. Si dhambi."

"Sipigi, Mzee. Bibi yuko hai. Yuko kwenye ndege amelazwa kwenye kochi. Mimi ndiye nilimwagizia chakula. Nimemwandikia yule dada wa ndege kwa mkono wangu, uji wa ulezi, usiwe mzito, bila sukari, na limau."

Mzee Damiani alinitazama, akaitazama kamba. "Uji?"

"Wa ulezi. Na kikombe kiwe na mkono mkubwa."

Mama Rashidi, jirani yetu Mwislamu wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyepasuka kwanza. "Subhanallah! Maiti gani anachagua kikombe?" Akaketi chini kwenye matuta ya viazi akicheka na kulia kwa pamoja. "Huyo ni Otilia! Huyo ni Otilia mwenyewe, yuko hai!"

Mzee Damiani alinipokonya jembe, akaligeuza geuza kama kitu alichookota. "Nani kaleta majembe hapa?" akauliza kwa ukali.

"Wewe, Mzee!"

"Basi ondoeni! Mnasimama nini?"

Sijawahi kuona watu wazima wakikimbia vile. Kamba ikang'olewa. Majembe yakarushwa kwenye mahindi. Kitanda kilirudi ndani kikiwa kimetangulizwa miguu, kikakwama mlangoni, watu wanne wakagombana kila mmoja na ushauri wake. Gogo la moto likamwagiwa maji, likafuka moshi kama ndiyo kwanza limewashwa. Mama Skola alisimama katikati ya uwanja akipiga makofi: "Fungueni kanga viunoni! Futeni macho! Nani anajua wimbo wa furaha usio na kelele?" Juu ya yote hayo ndege ikapita. Haikuwa ngurumo ya propela tunayoijua. Ilikuwa sauti nyembamba, kali, kama kitambaa kipya kinachochanwa, na kabla hatujainua vichwa imekwisha shuka nyuma ya miti. Mwanamke mmoja alishindwa, akaanza kulia tena kwa mazoea. Wakampeleka nyuma ya choo.

Gari likaingia. Baba Mdogo alishuka mbele na suti ya kijivu, akaona uwanja umejaa watu wamejipanga, akaweka mkono kifuani. "Asanteni. Asanteni sana, wazee wangu. Hakika sikutegemea."

"Hata sisi," alisema Mzee Damiani.

Walimshusha Bibi na kiti chake. Alikuwa mdogo kuliko alivyoondoka, kichwa kimefungwa kilemba cheupe, macho yale yale. Wimbo ulikuwa unasitasita. Macho yake yakapita kwa watu, yakaenda kwenye makochi mawili ambayo hatukuwahi kuyaingiza, yakaishia kwenye gogo lililolowa. Bibi amelia katika misiba mingi mno ya Ruhuwiko kiasi cha kutolijua gogo lile. Wimbo ukafa.

"Nani amekufa hapa?"

Watu wote wakageuka kunitazama mimi, kama vile sasa kazi hiyo ni yangu. Shangazi alikuwa anatikisa kichwa nyuma ya kiti, ananikataza sijui nini. Nilitaka kudanganya. Lakini yeye ndiye niliyekuwa naongea naye.

"Hakuna, Bibi. Walidhani ni wewe."

Mama Skola alifumba macho. Bibi alipeleka mkono kifuani, Baba Mdogo akapiga hatua, na nikaona mabega ya Bibi yanatikisika, nikawaza nimemuua mimi, baada ya yote hayo ni mimi. Kisha ile sauti ikatoka. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na pumzi, kama mtu anayepuliza jiko.

"Alilia nani zaidi?" akauliza.

Akakataa kuingizwa ndani. Alitaka kukaa chini ya turubai lake. Akawaita mmoja mmoja, anamshika kila mtu mkono, anauliza alipata habari saa ngapi na alikuwa anafanya nini. Walimjibu kwa ukweli mtupu, maana uongo wa nini tena. Mzee Damiani alikiri kuhusu kamba, akamwonyesha ilipokuwa; Bibi akaitazama nafasi ile kwa utulivu akasema wamembana upande wa Babu, na Babu mwenyewe anajua jinsi alivyokuwa akimkoromea usiku. "Na Mama Hilda wa nyumba ya kona, mbona simwoni?" Wakatazamana. Mama Skola akasema labda anaogopa ile kesi ya kuku. "Hata msibani kwangu?" alisema Bibi. "Haya. Nimeona." Kabla ya saa nane Mama Hilda alikuwa amefika na kuku wawili.

Tulikula nyama mpaka mvua ya alasiri ikatupangusa. Jioni tukabaki wawili chumbani kwake. Aliniambia kuhusu ndege. Aliniambia kwamba katikati ya safari alimwomba Baba Mdogo na muuguzi aliyesafiri naye wamsimamishe, na kwa kuwa dari lilikuwa juu alisimama wima, ameshikwa huku na huku, mara ya kwanza tangu jiko la nje. "Juu ya mawingu, Beata. Wengine husimama juu ya zulia tu." Kisha akasema, "Uji ulikuwa mzito." Nikamwambia nililiandika hilo. Nikamwambia mengine pia, ya mwaka mzima, na mvua ikigonga bati hatukuhitaji kunong'ona. Aliishi zaidi ya mwaka baada ya hapo, kwenye kitanda kile na kwenye kiti cha barazani. Mwezi uliopita jembe la kwanza lilipigwa na Baba Mdogo, na nafasi iliachwa pana.

Asubuhi iliyofuata ile siku ya ndege, aliniita kabla chai haijachemka. Alikuwa ameona kupitia mlango wazi magunia ya unga uliomiminwa pamoja, yamejipanga sebuleni, unga wa jumuiya nzima. Aliuliza ni wa nini, ingawa alijua. "Unga ule si wangu bado," akasema. "Siwezi kula msiba wangu mwenyewe, nitavimbiwa. Upime kwa bakuli, uurudishe nyumba kwa nyumba. Waambie Bibi anashukuru, wautunze vizuri usiingie dudu, siku ikifika watauleta." Nikasema Shangazi aende. "Nimekutuma wewe." Nikamwambia watu wa kule wataniuliza maswali. "Ndiyo. Na wewe utajibu."

Nikapima. Nikajitwika ndoo ya kwanza. Njia ilikuwa imelowa, na kumbikumbi wa usiku walikuwa wametawanya mabawa yao kila mahali. Langoni kwa Mama Skola nilisimama nikalipanga neno, nikalipanga tena. Ndani walikuwa wanasimulia, nikasikia jina langu na mtu anaiga sauti yangu: sipigi, Mzee, sipigi. Wakacheka. Nikapiga hodi. Hawakusikia. Nikapiga tena, kwa nguvu.